Ukuta Unaouma: Nilichojifunza Kupitisha Nyaya Kwenye Patisheni za Bati

Mama wa usafi ndiye aliyejua kwanza, na alisema mara tatu kabla hajasikilizwa. Kila asubuhi akimaliza kupiga deki korido ya ofisi ile, Mikocheni, Dar es Salaam, alikuwa akitundika tambara lake kwenye kulabu ya chuma iliyofungwa ukutani, karibu na jiko dogo la kuchemshia chai. Akasema ukuta unamuuma. Wakamwambia avae viatu. Akavaa ndala, zikapita siku mbili za kimya. Siku ya tatu ndala zikalowa, ukuta ukamuuma tena, safari hii mkono mzima hadi begani. Ndipo nikapigiwa simu mimi, kwa sababu nyaya za ukuta ule nilizipitisha mimi.

Ilikuwa masika ya mwaka 2017. Nilikuwa na miaka sita kwenye kazi ya umeme na nyumba nyingi zilikuwa zimepita mikononi mwangu, karibu zote za tofali. Tofali nilikuwa nalijua: unachimba mfereji kwa patasi, unalaza paipu, unaita fundi plasta anaziba, unarudi kuvuta nyaya. Patisheni ya jipsamu, yaani bodi za jipsamu zilizofungwa kwenye nguzo za bati, nikaichukulia kama tofali jepesi lililo wazi ndani. Hakuna kuchimba, hakuna vumbi, unapenyeza tu. Ile ofisi nzima, kuta saba, niliimaliza kwa siku mbili na nusu, na nilijisifu kwa mwenye kazi kwamba nimempunguzia gharama kwa kutoweka paipu. Nilitumia kebo bapa, ile ya nyaya mbili na ethi (waya wa kwenda ardhini) ndani ya gamba moja, ya milimita za mraba 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa, ikapita moja kwa moja kwenye matundu ya nguzo.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyefunga umeme wa hapa?"

"Ndiyo mama, ni mimi."

"Haya. Shika hiyo kulabu."

Sikuishika. Nilitoa tesita mfukoni, nikagusisha kwenye kulabu, kitaa chake kikawaka. Yule mama hakusema neno. Aliniangalia tu, na mpaka leo nikitoa tesita mbele ya mteja huwa naona yale macho.

Nikapima kwa mita kati ya kulabu na ethi ya soketi ya karibu: volti 187. Nikampigia fundi mkubwa aliyenifundisha kazi. Jambo la kwanza alilonikataza ni kuiamini ile namba peke yake. Bati lililosimama kando ya waya wenye umeme, na halijaungwa popote, huokota umeme wa kuambukizwa, na mita ya kidijiti, kwa kuwa yenyewe haivuti karibu chochote, itakusomea volti nyingi ambazo hazina nguvu hata ya kuwasha kibiriti. "Tafuta balbu ya zamani, ile ya waya ndani," akasema. "Upande mmoja kwenye kulabu, mwingine kwenye ethi. Ikiwa ni wa kuambukizwa, utazimika palepale. Ikiwaka, zima jengo." Nikatafuta balbu ya wati 60, nikaifunga kwenye holda yenye nyaya mbili, nikagusisha. Ikawaka mwanga kamili, kama taa ya mezani.

Nikazima meinswichi, wafanyakazi wakatoka nje na chai zao.

Jambo ambalo sikulielewa siku hiyo, na ambalo nataka fundi yeyote anayeingia kwenye kazi za jipsamu alielewe kabla yangu, ni jinsi ukuta ule ulivyo kitu kimoja. Kwenye tofali, waya ukichunika mahali, umechunika hapo tu. Patisheni ya bati haiko hivyo. Sakafuni kuna traki, ile reli ya bati inayoshika nguzo, darini kuna traki, katikati zimesimama nguzo kila sentimita 40 au 60, na zote zimebanwa kwa skrubu au kwa koleo la kubinya. Kulabu, shelfu, fremu ya picha, kishikio cha taulo, kila kilichofungwa kwa skrubu ndefu kimeshika nguzo. Kwa hiyo jeraha dogo kwenye nguzo ya tano linaufanya ukuta mzima uwe waya. Mama wa usafi alikuwa anaumia mita tatu kutoka mahali penye jeraha.

Na breka ikawa imetulia, haina habari. Breka inaruka kwa sababu mbili tu, mzigo mkubwa au shoti. Lile bati lilikuwa limekaa juu ya vigae na zege kavu, halina njia ya kurudisha umeme kokote, kwa hiyo hakuna mkondo, kwa hiyo hakuna cha kuirusha breka. Limekaa na umeme wake linasubiri. Asubuhi sakafu ikiwa imelowa na mtu amesimama na ndala mbichi, yeye ndiye njia.

Nikafungua DB, lile boksi la breka, nikatenga saketi moja moja, kisha nikaleta mega ya kuazima. Mega inasukuma volti 500 za umeme mnyoofu ndani ya waya uliozimwa, inapima kwa megaomu ganda lake linazuia kiasi gani. Kebo mpya iliyolazwa vizuri kwa kawaida inasoma zaidi ya megaomu 200, mara nyingi mshale au namba inafika mwisho. Kanuni tunazofundishwa zinataka angalau megaomu 1. Saketi ya soketi za korido, kati ya waya wa moto na bati la ukuta, ilisoma sifuri.

Tukakata bodi. Nguzo ya kwanza salama, ya pili salama. Kwenye ya tano nikaona.

Gamba la nje lilikuwa limechanika kama sentimita nne, limejikunja kama ganda la muhogo linavyojikunja likianza kumenywa. Ndani yake, waya mwekundu ulikuwa na mkwaruzo mwembamba, na katikati ya mkwaruzo shaba inang'aa, urefu wake hauzidi punje ya mchele. Ukingo wa bati ulikuwa umekaa palepale juu ya ile punje. Pembeni pana doa dogo jeusi. Nilishika kile kipande kwa vidole viwili nikakumbuka, na hili ndilo lililoniuma kuliko yote, nilikumbuka kabisa ule mkwamo. Siku tunavuta, mimi huku na msaidizi wangu kule, kebo ilikwama kidogo nguzo ya tano. Mkono wangu uliupata ule mkwamo. Nikavuta kwa nguvu zaidi, ikapita, tukaendelea.

Tundu lenyewe nilikuwa nimelikata kwa mkasi wa bati. Nguzo hizi kwa kawaida hutoka kiwandani na matundu yake tayari kwa ajili ya nyaya na mabomba, kwa nini basi nikate? Hapa ndipo kazi ya umeme inapoanzia mikononi mwa fundi jipsamu, kabla wewe hujafika. Matundu ya kiwandani yako umbali uleule kutoka mwisho wa nguzo. Fundi akikata nguzo zote kutoka upande mmoja, tuseme zote kutoka juu, matundu yanakaa kwenye mstari mmoja, unaweza kuchungulia kutoka nguzo ya kwanza ukaona ya mwisho. Akikata hii kutoka juu na ile kutoka chini, matundu yanapanda na kushuka, na kebo yako itapita kama nyoka au utalazimika kutoboa mapya. Pia nguzo ina umbo la herufi C. Midomo yote ikiangalia upande mmoja, kazi inakwenda. Akigeuza moja, unakutana na mgongo ulikotarajia mdomo. Ukuta ule ulikuwa na nguzo mbili zilizogeuzwa na nne zilizokatwa kinyume. Sikumwambia neno, sikuomba lolote, nikachukua mkasi. Mkasi wa bati hauachi duara. Unaacha pembe na meno, na bati la unene wa nusu milimita, likikatwa hivyo, ni wembe.

Sasa hivi kabla ya kazi ya patisheni naenda saiti siku ya kwanza ambayo fundi jipsamu anashusha nguzo, hata kama mimi sihitajiki kwa wiki nzima. Namsalimia, nanunua chai, naomba mambo mawili: kateni kutoka juu, na midomo iangalie mlangoni. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Wengi huniambia hakuna fundi umeme aliyewahi kuwaomba.

Tundu jipya likilazimika, natoboa kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, katikati ya mgongo wa nguzo, kisha napitisha tupa ndogo ya mviringo pande zote mbili. Kidole chako cha shahada, kwa uangalifu, ndicho kipimo: kikipita bila kukwaruzwa, endelea. Hata hivyo kidole peke yake hakitoshi, kwa sababu jengo linatikisika, milango inapigwa, kebo inapashwa moto ikibeba mzigo na kupoa, na kila mara inasugua pale pale kwa miaka. Tundu linataka bushi, ile pete ya mpira au plastiki inayokaa kwenye ukingo wa bati. Marekani, ambako maofisi mengi yana patisheni za nguzo hizi, kanuni yao ya umeme inadai kebo za gamba la plastiki zisipite kwenye nguzo ya bati mpaka bushi iwe imeshakazwa kwenye tundu. Kwanza bushi, ndipo kebo. Huo mpangilio una maana yake, maana ganda langu lilichunwa wakati wa kuvuta. Ningeweka bushi baada ya hapo, ningekuwa nimefunika kidonda tu.

Bushi zilinisumbua kupata. Nilizunguka Kariakoo maduka ya vifaa vya umeme nusu siku, naelekeza kwa mikono, wanaleta glandi za plastiki za boksi, wanaleta nailoni za kufungia. Aliyenisaidia alikuwa muuza spea za magari kule Gerezani. Nilipomwonesha kipande cha bati chenye tundu akacheka, akavuta droo imejaa raba nyeusi za kila saizi. Mafundi umeme wa magari wanazijua siku zote: waya unaotoka kwenye injini kuingia kwenye dashibodi unapita kwenye bati, na hakuna gari linalotoka kiwandani bila raba hapo. Gari linatikisika kila siku, kwa hiyo wao hawana nafasi ya kusahau. Nilinunua pakiti tatu, na nikasimama pale dukani nikijiuliza ni mara ngapi nimepita mbele ya boneti iliyofunguliwa, nikaziona hizo raba, nisifikirie.

Siku hizi kwa kazi nyingi narudi kwenye paipu. Paipu laini ya plastiki yenye mikunjo, ya milimita 20, inapita kwenye tundu la 25, nyaya zinavutwa ndani yake baadaye. Ukingo wa bati unakutana na paipu, haukutani na waya. Gharama inaongezeka kidogo, na faida ya pili ni kwamba mteja akitaka soketi nyingine baada ya mwaka, unavuta bila kubomoa. Nimewahi kukuta patisheni ambayo mtu alipitisha nyaya za mojamoja, zile zisizo na gamba la pili, zikiwa uchi kwenye nguzo za bati bila paipu wala raba. Hiyo nilikataa kuiunga, na ningewaomba wengine wakatae.

Turudi Mikocheni. Baada ya kuona saketi ya korido nikapima zote. Saketi ya chumba cha mkutano ikasoma megaomu 0.4. Hii ilikuwa habari nyingine kabisa. Kwenye nguzo moja nilikuwa nimeiacha kebo ilegee ndani ya mdomo wa C, imeegemea ule ubavu ambao bodi inafungiwa. Bodi ina unene wa milimita 12.5, skrubu yake ina urefu wa 25. Piga hesabu: nusu ya skrubu inatokeza ndani. Fundi jipsamu hakuiona kebo, hakuwa na namna ya kuiona, skrubu ikaingia ubavuni mwa gamba na kusimama unywele mmoja kabla ya shaba. Ingefika mahali ingepasuka yenyewe. Tangu hapo kebo au paipu yangu inakaa katikati ya kina cha nguzo, na karibu na kila boksi naibana ili isiteleze kuelekea ubavuni. Mstari wenyewe unakwenda wima au mlalo ukielekea swichi au soketi inayoonekana. Mtu wa kutundika kioo atakisia kwamba juu ya soketi kuna waya. Hawezi kukisia kebo iliyokata ukuta kwa mshazari kwa sababu fundi aliona njia ya mkato.

Kuhusu ethi, mafundi tunabishana sana, na mimi nina upande wangu. Nafunga boksi za chuma kwenye nguzo, na kutoka kwenye ethi ya kila soketi natoa kipande cha waya wa kijani na njano kwenda kwenye boksi, hivyo bati lote linaungwa na ethi. Kwa muda nilidhani hapo nimemaliza. Yule fundi mkubwa akanikalisha chini na kalamu. Nyumba inayotegemea ethi rodi yake yenyewe, ile fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini, kwenye mchanga wetu wa pwani, hasa kiangazi, inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50 na zaidi. Volti 230 gawanya kwa 50 unapata ampia 4.6. Breka ya soketi ni ampia 20. Ampia 4.6 kwake ni pasi ndogo, haitaruka kamwe. Maana yake bati litabaki na umeme, na kila kilichoungwa na ethi hiyo, friji, birika, kasha la kompyuta, navyo vitapanda pamoja nalo. Ethi dhaifu bila kifaa cha kukata umeme unaovuja inaweza kulitoa tatizo ukutani na kulisambaza ofisi nzima.

Kifaa hicho ni RCD. Kinalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 kinakata ndani ya milisekunde 300. Kanuni za Uingereza za BS 7671 zina kipengele kinachohusu kuta zenye chuma ndani: kebo iliyofichwa humo bila kingo ya chuma iliyoungwa na ethi inatakiwa ilindwe na RCD ya miliampia 30, hata kama imezama kiasi gani ndani ya ukuta. Nilipokisoma nilielewa kwamba mtu fulani, mahali fulani, aliumwa na ukuta kabla ya mama wetu. DB ya ile ofisi ilikuwa na meinswichi na breka tupu. Nilinunua RCD kwa pesa yangu, nikaibonyeza kitufe cha majaribio mbele ya meneja, ikaruka, nikamwomba aibonyeze mwenyewe. Nikamwomba pia yule mama aibonyeze, kwa kuwa yeye ndiye anayefika wa kwanza asubuhi. Aliibonyeza, ikatoa mlio wake, akaniuliza ibonyezwe kila baada ya muda gani. Nikamwambia kila miezi mitatu. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa sare akaandika tarehe kwenye mlango wa DB, kwa ndani.

Kazi ya kurudia ilichukua siku tano. Bodi nne mpya, putti, rangi, ujira wa fundi jipsamu, vyote juu yangu. Kuta zote saba nilizipitia tundu kwa tundu.

Mega nimenunua yangu mwaka uliofuata, na napima mara mbili: kabla bodi hazijafungwa, na baada ya skrubu ya mwisho kuingia. Kipimo cha pili ndicho wengi wanakiruka, na ndicho kinachoona skrubu. Napima waya wa moto na niutro (waya wa kurudisha umeme), waya wa moto na ethi, niutro na ethi, halafu kila mmoja na bati lenyewe. Ukuta wa kawaida wa ofisi unakula dakika kumi na tano. Msaidizi wangu wa sasa nimemwambia jambo moja kuhusu kuvuta: kebo ikikwama, simama, nenda kwenye nguzo iliyokwama, tia mkono, angalia kwa tochi. Asivute kwanza halafu aangalie. Mwanzoni alikuwa anaona nachelewesha. Siku moja alikwenda kuangalia akarudi ameshika kipande cha bati kirefu kama kucha, kilichokuwa kimeachwa na mkasi wa mtu kwenye nguzo. Alikiweka kwenye mfuko wa shati.

Na kabla bodi ya mwisho haijafunga, kila ukuta napiga picha, futi ikiwa imefunguliwa na kusimamishwa kando ya nguzo ili namba zisomeke: kebo iko sentimita ngapi kutoka sakafuni, nguzo iko ngapi kutoka kwenye kona. Naziweka kwenye simu na nakala kwa mteja. Mwaka jana ofisi ileile ya Mikocheni walinipigia, wanataka kutundika televisheni chumba cha mkutano, fundi ameshashika drili. Nikamwambia anisubiri dakika moja. Nikatafuta picha, nikamtumia. Alikuwa ameweka alama ya penseli sentimita 112 kutoka kwenye kona. Kebo inapanda kwenye 111. Akasogea kulia hadi nguzo inayofuata, akafunga.